Naruto ya kukodi Mbeya: CD au flashi?

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza utakodi wapi Naruto, ile katuni ya Kijapani, nzima kwenye CD. Anzia vibanda vya muvi vya Mwanjelwa, ila usitarajie kuikuta yote. Ile ya kwanza ina episodi 220, na mwendelezo wake, Shippuden, 500. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7 tu, kwa hiyo seti nzima ni rundo la diski, na za kukodi hazikosi moja iliyochubuka, tena pambano likiwa limenoga! Beba flashi ya GB 64, uwekewe kwa awamu. Kabla hujalipa, mwambie mwenye kibanda akufungulie episodi ya katikati uone kama maandishi ya Kiingereza yapo. Kuna nakala za Kijapani kitupu. Za kutafsiriwa na madijei? Bahati nasibu hiyo.