Maswali na Majibu ya Uchoraji: Ng'ombe Aliyebandikwa Juu ya Nyasi

SWALI: Ndugu Mshauri, huu ni mwaka wa pili tangu nianze kuchora kwa rangi za mafuta, na ninachokipenda zaidi ni wanyama walioko malishoni. Mandhari yangu huniridhisha, na mnyama akitazamwa peke yake hana kasoro kubwa, lakini vikiwa pamoja huonekana kana kwamba amekatwa kwa mkasi kwenye gazeti na kubandikwa juu ya nyasi. Isitoshe, manyoya yake, ambayo huyachora unywele mmoja mmoja kwa brashi nyembamba, hufanana na ufagio. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nadhani unaimaliza mandhari kwanza, unaiacha ikauke, kisha ndipo unamchora mnyama juu yake, pengine kwa kutazama picha iliyopigwa mahali pengine na saa nyingine. Ikiwa ndivyo, mnyama wako na malisho yake havijapata kuwa chini ya jua moja.

Mchukue ng'ombe mweupe aliyesimama kwenye majani mabichi saa nne asubuhi. Tunajua kwamba ni mweupe, na kujua huko ndiko kunakotuponza, kwa maana mkono hukimbilia tyubu ya rangi nyeupe kabla jicho halijauliza lolote. Mtazame huku umefumba macho nusu. Mgongo unaopigwa na jua una weupe ulioingiwa na umanjano kidogo. Ubavu ulio kivulini unapokea mwanga wa anga na kuwa na samawati iliyofifia. Na tumbo, ambalo halioni jua wala anga, linaangazwa kutoka chini na nyasi hata likawa na ukijani ambao mtu asiyezoea kutazama atakubishia. Weupe mtupu utaupata labda kwenye nukta moja au mbili za bega. Kwa hiyo ile kijani uliyoipaka kwenye nyasi ichanganye katika rangi ya tumbo, na ile ya anga iingie katika kivuli cha ubavu. Jambo hili haliwezekani ukiwa umekwisha kuiosha paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) ya mandhari, ndiyo sababu ninakushauri uanze vyote viwili siku moja, kwa kupaka maeneo makubwa ya giza na mwanga kwa rangi nyepesi ya hudhurungi, bila kujali bado ni wapi nyasi inakoma na ng'ombe anaanzia.

Kuhusu kingo, ukimzungushia mnyama mstari mkali kila upande, umekwisha kumkata kwa mkasi wewe mwenyewe. Acha ukingo uwe mkali pale mwanga unapokutana na giza, hasa kichwani, na kwingineko uulegeze kwa brashi kavu wakati rangi ingali mbichi. Miguu nayo ifunikwe na majani machache yaliyochorwa juu yake. Niliwahi kumaliza siku nzima nikichora kwato nne za punda kwa ustadi niliojivunia, na kesho yake nikazifuta zote kwa kitambaa, kwa kuwa punda huyo nilikuwa nimemsimamisha kwenye nyasi za kufika magotini.

Manyoya hayahitaji kuhesabiwa. Paka kwanza umbo zima, kivuli na mwanga wake, kisha uchore nywele chache pale tu mwanga unapogeuka kuwa kivuli na pale manyoya yanapokutana na anga. Jicho la mtazamaji litaongeza zilizobaki. Nywele hizo zifuate mifupa na misuli iliyo chini yake. Mchoraji Mwingereza George Stubbs (1724–1806) alikaa miezi 18 akiichuna mizoga ya farasi, tabaka baada ya tabaka, na mwaka 1766 akachapisha michoro yake ya anatomia ya farasi. Sikutumi ufike huko. Kaa na daftari mbele ya mnyama aliye hai, anza michoro mitano katika ukurasa mmoja, na kila anapobadili mkao uhamie mchoro mwingine. Wanyama hurudia mikao yao, nawe utarudi kuumalizia ule wa kwanza. Picha za kamera zina faida yake katika mwendo, kwani ni zile za mpigapicha Eadweard Muybridge za mwaka 1878 zilizoonyesha kwamba farasi anayekimbia huwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, ilhali wachoraji wengi walikuwa wakiinyoosha mbele na nyuma. Ila usiziamini katika vivuli, maana mara nyingi huvifanya vyeusi tii.

SWALI: Katika mchoro wangu mmoja niliufuta mlima kwa kupaka anga juu yake, kwa rangi niliyoizimua sana na tapentaini. Miezi michache baadaye anga limeanza kupasuka mistari myembamba. Je, rangi ilikuwa mbovu?

JIBU: Rangi haina lawama. Mafuta ya kitani yaliyomo katika rangi hizi hayakauki kama maji yanavyokauka. Hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu, kazi inayochukua miezi. Mlima wako wenye mafuta mengi ulikuwa bado unajongea chini ya anga lililokwisha kukakamaa. Tabaka za chini ndizo zizimuliwe kwa tapentaini, na kila tabaka inayofuata izidi kidogo kwa mafuta. Vanishi nayo isubiri miezi sita hadi kumi na miwili.

Kwa kuwa umetaja kufuta, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike pembeni, kwani hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au uvitie kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.