Hati za babu zinazokatika kwenye mikunjo

Dada yangu wa Mikindani, umeuliza kwa nini hati za shamba za marehemu babu zinakatika, na kama karatasi mpya uliyoambiwa kuwa ilipimwa kwa joto la siku 3 itadumu kweli miaka 25.

Chanzo kikubwa huwa ni tindikali iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, kwa sababu karatasi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kutiwa shabu (chumvi ya alumini inayozalisha tindikali), nayo tindikali hiyo, ikisaidiwa na joto na unyevu wa pwani yetu, hukatakata nyuzi kidogo kidogo. Hapa Lindi niliwahi kukunja kona ya daftari kuukuu. Mkunjo wa pili ulikatika na kuacha chenga vidoleni. Katika kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa tindikali, 7 ni katikati, na kila namba moja inaposhuka tindikali huongezeka mara 10, kwa hiyo karatasi yenye pH ya 5 si ya kupuuzwa.

Kuhusu joto, W. J. Barrow, mtafiti wa uhifadhi wa karatasi wa Marekani, ndiye aliyelinganisha siku 3 katika nyuzi 100 za Selsiasi na takriban miaka 25, lakini mimi singeitegemea hesabu hiyo, kwani joto kavu halifanani na chumba chenye unyevunyevu. Kipimo hicho hufaa zaidi kulinganisha karatasi mbili kuliko kutabiri miaka.

Nunua karatasi isiyo na tindikali, ondoa pini zenye kutu, na tafadhali usizitie hati hizo laminesheni, yaani kuzigandisha ndani ya plastiki.