Jiwe likimeta, tafuta sindano kwanza

Jiwe langu la kwanza la "dhahabu" nililificha uvunguni mwa kitanda wiki mbili nzima. Nililiokota kwenye kijito nje ya Mwanza, lina vimeto vya manjano, na nyumbani sikumwambia mtu. Mzee mmoja aliyewahi kuchimba Geita ndiye aliyenizindua. Hakulitazama sana. Alichukua sindano, akachokonoa kimeto kimoja, kikabanduka tabaka kwa tabaka kama ganda la kitunguu.

"Ulanga huo, mwanangu."

Ulanga ni madini ya tabaka nyembamba. Ule mweusi ukipigwa na mvua na jua miaka mingi huchuja, ukawa na rangi ya dhahabu kabisa. Lakini dhahabu ukiichoma inabonyea, ukiigonga inatandazika. Haibanduki.

Tangu siku hiyo rangi naiweka mwisho. Kwatzi, madini magumu yaliyojaa kwenye mchanga na miamba, peke yake huja nyeupe, ya waridi, ya zambarau, hata ya moshi. Utaitambuaje kwa rangi? Mimi naanza na ugumu. Kipimo cha ugumu alichokitunga mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812 kinaanzia 1 kwa talki, madini laini kabisa, na kuishia 10 kwa almasi; chenye namba kubwa hukikwaruza chenye namba ndogo. Kucha yako iko kama 2.5, kisu cha kawaida kama 5.5, kwatzi 7. Kwa hiyo kisu hakiwezi kuikwaruza kwatzi.

Hapa nilidanganyika mara nyingi: unapitisha kisu, unaona mstari, unasema limekwaruzika. Lowesha kidole ufute. Mstari ukifutika, hiyo ni chuma ya kisu iliyobaki juu ya jiwe. Na pima sehemu iliyovunjwa sasa hivi, si ganda la nje lililooza. (Ukigonga, funika jiwe kwa gunia. Kipande kikiruka jichoni hakiulizi wewe ni mtaalamu au la.)

Kazi ngumu zaidi ni kuitenga kwatzi na feldispa, madini mengine yanayofanana nayo, na mawe makubwa ya matale (graniti) yaliyojaa Mwanza yanazo zote mbili. Kisu hakitakusaidia hapo, maana feldispa ni 6 na zote hukwaruza kioo. Ligeuzegeuze jiwe juani. Feldispa hupasuka kwa nyuso bapa, kwa hiyo ghafla uso mzima unamulika kama kioo kidogo, kisha unazima. Kwatzi huvunjika ovyo, kwa mikunjo kama kitako cha chupa, haina uso wa kumulika. Tazama pia jiwe lililochakaa: feldispa imelegea, inageuka udongo wa mfinyanzi, kwatzi bado imesimama. Ndiyo maana mchanga wa miamba hiyo kwa sehemu kubwa ni kwatzi.

Jiwe jeupe linalokwaruzika kwa kisu kirahisi, lishuku kuwa kalisaiti, ile inayojenga mawe ya chokaa na marumaru. Kwangua unga kidogo, dondoshea siki, sogeza jicho. Vipovu vikichemka, umeipata. Kwatzi hata ukiiogesha siki itanyamaza.

Pairaiti nayo, ile ya shaba-shaba inayowasumbua wengi wakiidhania dhahabu, chukua kigae, geuza upande wa nyuma usiong'aa, sugua jiwe. Pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani, japo yenyewe ni ya manjano. Mstari ukitoka wa manjano unaong'aa, rudi kwenye sindano.