Jibu: Hadithi nzuri bila kukamuliwa pesa?

Ndugu yangu, umeuliza kama mchezo wa simu uliozaliwa na mfululizo maarufu wa michezo ya video unaweza kuwa na hadithi nzuri bila kukukamua pesa. Itazame NieR Reincarnation, mchezo wa simu wa mfululizo wa NieR kutoka kampuni ya Square Enix, iliyotoka Japani Februari 2021. Hadithi kuu ilikuwa bure: msichana anatembea ndani ya mahali paitwapo Kizimba, akiongozwa na Mama, kiumbe mweupe kama mzuka. Pesa ziliingia kwenye bahati nasibu ya wahusika na silaha, yaani unalipa bila kujua utapata kipi. Hapo ndipo paliponiuma, maana kila silaha ilibeba kisa chake kifupi. Ukiikosa silaha, umekosa kurasa. Aprili 2024 seva, kompyuta zilizouendesha mchezo mtandaoni, zikazimwa, na vyote vilivyonunuliwa vikaenda nazo. Nashukuru tu kwamba hadithi waliimaliza kwanza.