Maafisa wa ofisini: nani yumo kwenye kundi la majadiliano, nani hayumo?

MASWALI YA WASOMAJI: KAZI NA SHERIA

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: mfanyakazi wa ofisini anayelipwa kwa mwezi, mwenye cheo cha afisa au meneja, je, ni miongoni mwa watu ambao chama cha wafanyakazi kinawasemea mezani, yaani kundi la majadiliano? Tunaanza na barua ya katibu wa tawi kwa sababu imekuja na hesabu.

SWALI: Kampuni yetu ya bima hapa Dar es Salaam ina wafanyakazi 120. Wanachama tuko 58, na 24 kati yetu ni maafisa. Tulipoomba kutambuliwa, mwajiri alijibu kwamba maafisa wote 46 ni menejimenti, kwa hiyo hawahesabiki. Tukaambiwa mwenye mshahara wa mwezi na barua ya uteuzi yuko upande wa mwajiri. Ni kweli? – Katibu wa tawi, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu katibu, si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haiwagawi watu kwa namna wanavyolipwa wala kwa jina lililobandikwa mlangoni. Kifungu cha 9 kinampa kila mwajiriwa haki ya kuanzisha chama na kujiunga nacho, kisha kinaweka mipaka michache. Unaowahusu ninyi ni mmoja: mtu wa menejimenti ya juu haruhusiwi kuwa kwenye chama kinachowawakilisha wafanyakazi wasio wa menejimenti ya juu kwa mwajiri huyohuyo.

Na huyo mtu wa menejimenti ya juu hakuachwa aelezwe na kila mwajiri anavyopenda. Ni yule ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na pia ana mamlaka ya kufunga mkataba wa pamoja (ndio mkataba wa hali bora) kwa niaba ya mwajiri. Sifa zote mbili lazima ziwepo. Afisa madai anayeidhinisha fidia hadi kiwango alichopangiwa anatekeleza sera iliyotungwa na wengine. Mhasibu mwandamizi anayesaini hundi, vivyo hivyo. Msimamizi anayepanga zamu na kupitisha likizo ana watu chini yake, ndiyo, lakini hakuna atakayemtuma akafunge mkataba wa hali bora. Hata mwanasheria wa kampuni anayeandaa rasimu ya mkataba huo hapati mamlaka ya kuufunga kwa sababu tu kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Sasa hesabu, maana mwajiri wenu hakuchagua hoja hiyo kwa bahati. Chama hutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano kikiwa na wanachama wengi, yaani zaidi ya nusu, ndani ya kundi la majadiliano linalofaa. Mkihesabu kampuni nzima, zaidi ya nusu ya 120 ni 61. Ninyi mko 58, mmekosa. Mkiwaondoa maafisa wote 46, wanabaki watu 74 na wanachama 34, na hapo mnahitaji 38, mmekosa tena. Lakini tuseme mnakubaliana kwamba mkurugenzi mtendaji na wakuu wa idara sita, ambao si wanachama, ndio hawamo. Kundi linakuwa la watu 113, mnahitaji 57, na mnao 58. Idadi ya wanachama wenu haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mstari ulipochorwa. Ndiyo maana tunawashauri makatibu wachore mstari kwanza ndipo wahesabu fomu za makato, zile ambazo mwanachama husaini ili ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake. Wengi hufanya kinyume chake.

Kuuchora mstari ni kazi ya mezani ya siku chache. Tafuteni muundo wa kampuni na maelezo ya kazi ya kila nafasi inayobishaniwa. Andikeni jedwali: nafasi, anaripoti kwa nani, anaamua nini bila kumwomba mtu ruhusa, na karatasi gani inathibitisha hilo. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Waraka wa mwongozo wa mikopo au wa rasilimali watu huwa na ukurasa wa saini, na hapo mtaona nani hasa anatunga sera. Maneno kama "anashauri", "anapendekeza" na "anawasilisha" yakiwa kwenye maelezo ya kazi yanawasaidia ninyi. Anayependekeza afukuzwe fulani, kisha bosi wake ndiye anayeamua, hajaamua kitu.

Baada ya hapo pelekeni notisi kwa fomu iliyowekwa, mkilieleza kundi kwa nafasi zake, si kwa neno "wafanyakazi wote". Mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi ili mfunge makubaliano ya kutambuana. Asipokutana nanyi, au mkikutana msielewane, pelekeni mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa usuluhishi. Ukishindikana, upande wowote unaweza kwenda Mahakama ya Kazi. Mahakama inaweza hata kuagiza kura ipigwe ili ijulikane kama kweli chama kina wengi. Katika kuamua kundi linalofaa, kifungu cha 67 kinaitaka itazame matakwa ya pande zote, historia ya majadiliano, chama kimeenea kiasi gani, wafanyakazi wanafanana vipi kimaslahi, muundo wa mwajiri, kazi zake zinavyoshikana, na mahali zilipo. Juu ya hayo, ihimize majadiliano yenye utaratibu bila kuukatakata muundo wa mwajiri vipande vipande.

Kwa maafisa wenu, pigeni msumari kwenye kufanana kimaslahi. Je, wako kwenye ngazi zilezile za mishahara, kanuni zilezile za likizo, bima ileile ya afya, kamati ileile ya nidhamu? Kama kijitabu cha kanuni za wafanyakazi ni kimoja kwa karani na kwa afisa, kiambatisheni.

Neno moja kuhusu fomu za makato. Kesi nyingi nzuri huharibikia hapa: jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye orodha ya mishahara, saini hakuna, au aliyejaza aliacha kazi miezi minne iliyopita. Mkiwa na ziada ya mtu mmoja tu, kama ninyi, fomu mbili mbovu zinawamaliza. Sajilini wengine kumi kabla ya kupeleka notisi.

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi. Naona barua zote, hata za chama. Mwenzangu ni afisa mishahara. Tunaambiwa kazi zetu ni za siri, hatuwezi kuwa wanachama. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Sheria tuliyoitaja haimkatazi mtu uanachama kwa sababu anashika siri. Mwajiri ana njia nyingine za kulinda siri zake, ikiwemo kanuni za nidhamu, na mwanachama anayevujisha barua za ofisi anaweza kuadhibiwa kama asiye mwanachama.

Hata hivyo, tenganisheni mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: kuwa mwanachama na kuwa ndani ya kundi la majadiliano. Uanachama ni haki yako binafsi. Kundi ni jambo la kukubaliana au kuamuliwa, na matakwa ya pande zote yanahesabika. Chama kinaweza kukubali kwamba mtu mmoja anayemwandalia mwajiri hesabu za ofa ya mishahara asiwe kwenye kundi, kwa sababu kumweka pande zote mbili za meza kunamuumiza yeye mwenyewe. Ila makubaliano hayo yataje nafasi, si idara. Tumeona mikataba inayosema "idara ya rasilimali watu haimo", na papo hapo mpokea wageni na mtunza mafaili wanakosa kinga ya mkataba ilhali hawajawahi kuona ofa ya mtu yeyote.

SWALI: Benki yetu ina makao makuu Dar es Salaam. Hapa Mwanza karibu wote ni wanachama, ila kwingine chama hakina nguvu. Je, tawi letu linaweza kuwa kundi lake lenyewe? – Afisa mikopo, Mwanza

JIBU: Linaweza kuombwa, lakini msijipe matumaini makubwa. Mahali ni kigezo, ila kiko pamoja na muundo wa mwajiri na lile agizo la kutokatakata. Kama mishahara inapangwa makao makuu, uhamisho unaandikwa makao makuu na rufaa za nidhamu zinaishia huko, mwajiri atasema Mwanza haina cha kujadili peke yake, na hoja hiyo ina nguvu. Mambo yangekuwa tofauti kama meneja wa tawi angekuwa na bajeti yake na uwezo wa kuajiri. Bora kutumia nguvu ya Mwanza kuandikisha wanachama matawi mengine.

Wafanyakazi wa wakala, kama walinzi na wasafishaji, msiwahesabu. Mwajiri wao ni huyo wakala. Wa mikataba ya muda walioajiriwa na benki yenyewe, wahesabuni.

SWALI: Mimi ni meneja wa uhusiano katika benki hapa Nairobi. Nina jina la meneja lakini hakuna mtu aliye chini yangu. Naweza kujiunga na chama? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Kenya ina sheria yake. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama chenye wengi miongoni mwa wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama wake. Ugomvi huwa kwenye neno hilo "wanaostahili". Waajiri hutegemea makubaliano ya pande tatu (serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi) yaliyoanza na Mkataba wa Mahusiano Viwandani wa 1962, yenye orodha ya wasiohesabiwa: wakurugenzi, wakuu wa idara na matawi, wenye mamlaka ya kuajiri, kuhamisha, kupandisha vyeo na kuadhibu, wanaofunzwa kuwa mameneja, wenye kazi za siri kabisa, na wengine watakaokubaliwa na mwajiri na chama.

Jipime kwa orodha hiyo kwa kazi unayoifanya Jumatatu hadi Ijumaa. Kama huajiri, hutathmini wala huadhibu mtu, jina la meneja ni la kuwafurahisha wateja tu. Ukiamua kujiunga, saini Fomu S, yaani notisi ya kumruhusu mwajiri akate ada ya chama kwenye mshahara wako. Mwajiri akishapewa notisi hiyo, ana siku 30 za kuanza makato. Akigoma, chama kiende kwenye upatanishi, kisha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kikiwa na maelezo yako ya kazi.

SWALI: Sijajiunga na chama lakini nakatwa ada. Halali? – Mhasibu, Tanga

JIBU: Inaweza kuwa halali. Chama kilichotambuliwa kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama waliomo kwenye kundi wachangie ada ya wakala. Hulazimishwi kuwa mwanachama, na ada hiyo haitakiwi kuzidi ya mwanachama. Omba uonyeshwe makubaliano hayo na orodha ya nafasi zilizomo. Nafasi yako isipokuwamo, andika barua kwa mwajiri na nakala kwa chama, udai makato yasitishwe.

SWALI: Tulitambuliwa mwaka jana. Tangu hapo mwajiri amewabadilishia vyeo wenzetu 11; karani mwandamizi sasa anaitwa "meneja msaidizi", mshahara uleule. – Mwenyekiti wa tawi, Arusha

JIBU: Hapa kuna hatari ya kweli. Chama kikipoteza wengi, mwajiri hukipa notisi ya miezi mitatu kirudishe idadi. Kikishindwa, anaondoa utambuzi. Msisubiri notisi hiyo. Andikeni sasa hivi kwamba hao 11 bado wamo, mkiambatisha maelezo ya kazi ya zamani na mapya yakiwa bega kwa bega, pamoja na hati za mshahara za miezi miwili, wa kabla na wa baada. Wao wenyewe wasisaini barua yoyote ya kusitisha makato. Barua hiyo ni notisi ya mwezi mmoja, na mwezi ukishapita makato yanakoma kihalali, hata kama cheo kipya kilikuwa geresha.

Na mkataba ukifunguliwa tena, wekeni kipengele kwamba kubadili jina la nafasi hakuitoi kwenye kundi, na kwamba nafasi mpya ijadiliwe na chama kabla ya kujazwa. Zanzibar ina Sheria yake ya Mahusiano Kazini, Na. 1 ya 2005, na watumishi wa umma wa Bara wana utaratibu wao wa majadiliano chini ya Sheria Na. 19 ya 2003. Wasomaji wa pande hizo wasinakili vifungu vya hapa.