Taa ya choo cha bibi: betri moja ya laptop, wiki mbili, na godoro lenye tundu

Wadau habari zenu. Watu wananiuliza sana hizi taa ndogo natengenezaje mpaka zinakaa wiki mbili bila chaji, wengine wanadhani kuna betri nimeificha. Hamna betri ya ajabu, ni hizi hizi za laptop mbovu, mchezo wote uko kwenye rezista, kale kadude kadogo kanakobana umeme usipite mwingi. Ila naanza na habari ya godoro, maana nikiiweka mwisho mtaruka mambo ya usalama kama nilivyoruka mimi.

Ilikuwa kwa ajili ya bibi yangu Ujiji. Choo kiko nje, usiku anatoka na koroboi, upepo wa ziwa ukipiga inazima katikati ya uwanja basi anasimama hapo hapo anaita watu. Nikasema ngoja nimtengenezee taa. Nikapita kwa fundi wa laptop huku Mwanga, Kigoma mjini, akanipa pakiti mbili za betri zilizokufa, bei karibu na bure, ukipasua ndani unakuta vibetri vya mviringo vinaitwa 18650, mara nyingi viko sita na unaweza kukuta vilivyokufa ni viwili tu, vingine bado wazima. Nikakaa kitandani na bisibisi. Nilichokuwa sijui ni kwamba kile kibetri mwili mzima wa bati ni negativu, sio kitako peke yake, pozitivu ni kale kachwa kadogo katikati, na pale juu kinachotenganisha ni karatasi na plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikachana lile ganda bila kujua, kile kibati kinachounga betri kikajikunja kikagusa kichwa na ukingo kwa pamoja. Ikawa ya moto hapo hapo mkononi, nikaitupa, ikatua kwenye godoro. Haikulipuka, nashukuru Mungu, ila kufumba na kufumbua sponji imeyeyuka tundu la kuingia ngumi, chumba kizima kinanuka, nikaisukuma na ufagio mpaka nje kwenye mchanga. Tundu lipo mpaka leo.

Kwa hiyo pasulia kwenye sakafu ya saruji, sio kitandani, sio kwenye mkeka, ndoo ya mchanga pembeni, na kila betri inayotoka iwahi kuvishwa solotepu kichwani kabla hujagusa nyingine. Iliyovimba, yenye kutu au inayonuka utamu utamu usiihurumie, weka pembeni. Na usitupe kwenye shimo la taka, tunajua taka zetu huwa tunachoma, hizi ni betri za lithiamu, kwenye moto inapasuka kama baruti na watoto wako hapo hapo wanaota moto.

Zilizobaki pima volti na mita ya umeme. Iliyo chini ya volti 2 mi huwa siifufui hata kama fundi atakwambia anaweza, ndani imeshaharibika na hizo ndo zinakuja kuwaka wakati wa chaji. Nyingine chaji mpaka 4.2, iache wiki nzima, pima tena. Ikishuka chini ya 4.0 inajimaliza yenyewe, achana nayo, na iliyopata moto wakati wa chaji hivyo hivyo. Mpya za dukani nazo macho, ukiona imeandikwa 9900 mAh (ndo kiasi cha umeme inachobeba, miliampia kwa saa) ujue ni uongo, hata zile nzuri kabisa zinacheza kwenye 3500 hivi. Ishike mkononi, ya kweli ni nzito, gramu 45 kuendelea, ya uongo nyepesi kama tupu.

Chaji: usiunge chaja ya simu moja kwa moja kwenye betri, kamwe, chaja inatoa volti 5 na betri inataka isizidi 4.2. Kuna kabodi kadogo kanaitwa TP4056, bei chee, unachomeka waya wa simu, taa nyekundu inachaji, ikigeuka bluu imejaa. Zipo aina mbili na hapa wengi wanapigwa: chukua ile yenye matundu ya betri na matundu ya kutolea umeme peke yake, hiyo ina ulinzi, inakata betri ikishuka sana au waya zikigusana. Ile nyingine haina. Na usichomelee waya kwa risasi ya fundi redio juu ya betri, joto linaiua, nunua kile kikalio cha plastiki chenye springi.

Sasa rezista. LED nyeupe, yaani kile kitaa chenyewe kidogo kinachowaka, inataka kama volti 3, betri iko 3.7 wastani, ikijaa 4.2, ukiunga bila rezista inameza umeme bila kipimo, inawaka kali siku mbili tatu halafu inakufa. Watu wanaweka rezista moja kwa LED zote nne, hapo napo sio, LED hazilingani, moja inavuta zaidi ya wenzake, inapata joto, ikipata joto inavuta zaidi tena, ikifa mzigo unahamia kwa wenzake. Kila LED na rezista yake. Mi naweka omu 100. Piga hesabu, 3.7 toa 3 ni 0.7, gawa kwa 100, unapata miliampia 7, LED nne ni 28. Betri kuukuu ya mAh 1800 ukiigawa kwa 28 ni masaa zaidi ya 60, na bibi anawasha kama masaa manne kwa usiku. Ndo hizo wiki mbili, hamna uganga. LED hizi kawaida huendeshwa mpaka miliampia 20, ila kwa macho hiyo 7 haionekani kupungua kihivyo, gizani unaona vizuri tu.

Shemeji yangu wa Kibirizi alitaka hizi kwenye mtumbwi wa dagaa, nikamwambia shem, wewe ulizoea karabai, hii itavutia mbu tu, sio dagaa. Ya dagaa ni kazi ya betri kubwa ya volti 12.

Boksi langu ni kopo la plastiki la losheni, swichi pembeni, nimeziba na silikoni kwa sababu ya mvua, na betri imebanwa isicheze. Nilipomfungia bibi akaiangalia akaniambia "mume wangu, mbona haina moto?" Nikamwambia ndo uzuri wake. Kuchaji ni waya wa simu tu, mtoto yeyote pale nyumbani angeweza, yeye hataki. Anasema ikizima ndo anajua mume wake atakuja.