Chatu bandani: maswali ya wasomaji

SWALI: Assalamu alaykum. Alfajiri nimekuta chatu bandani, tumbo limemvimba, kuku watatu hawapo. Kaingilia tundu la waya uliochanika. Kwa nini hakutoka? Na kweli huvunja mbavu kwanza ndipo ameze?
Mfugaji, Muyuni, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Alivyoingia alikuwa mwembamba. Alivyokwisha kumeza, tundu halikumtosha tena. Kuku aliwapata gizani kwa vishimo vya midomoni vinavyohisi joto.

Mbavu havunji. Huuma kwa meno yaliyopindia kooni, hujizungushia windo na kulikaza mpaka damu inasimama, moyo unashindwa. Sumu hana. Taya nalo halitenguki, ingawa wengi wanaapa hivyo: nusu mbili za taya la chini zimeungwa kwa mshipa unaovutika, na kila upande hujongea peke yake. Tundu la pumzi hulisukuma mbele ya mdomo ili apumue huku anameza.

Usimpige wala usimchokoze. Akishtuka hutapika alichokula, akawa mwepesi na mwenye hasira. Watoe kuku waliobaki ukiweza bila kumkaribia, funga mlango, waite watu wa misitu. Akimuuma mtu, msimvute, meno yatachana nyama. Akishajizungusha, mfungueni kuanzia mkiani. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha hospitali kwa sindano ya pepopunda.

Banda sasa. Waya wa kuku wa matundu mapana haufai, maana mtoto wa chatu ana unene wa kidole gumba tu, na vifaranga vinamtosha. Weka waya wa nusu inchi, uzike futi moja chini, kingo uzibane kwa mbao badala ya misumari mitupu. Wengi husahau upenyo wa chini ya mlango. Pumba zilizomwagika zizoeni kila jioni: zinaita panya, na panya ndio wanaomleta chatu.

SWALI: Kwenye pango la mawe nyuma ya shamba kuna chatu mkubwa, kila siku anaota jua mlangoni. Nizibe?
Msomaji, Kitogani

JIBU: Usizibe. Huenda ni jike aliyetaga. Mayai yanaweza kuwa 30, hata kupita 50. Huota jua, hurudi ndani, huyazungushia mwili wenye joto, kwa karibu miezi mitatu, na muda wote huo hali. Mayai yakianguliwa, huenda akakaa na watoto kama wiki mbili, kisha ataondoka. Mbuzi wadogo wasichungwe upande huo mpaka wakati huo.